Wa Mkopo Haimbiwi

Taarifa ilitoka Alhamisi saa tatu asubuhi, na ilipofika saa nne mji mzima wa Haslowe ulikuwa umeshanuna. Klabu yao, Haslowe Town, ilikuwa imemchukua kiungo wa miaka ishirini kutoka klabu kubwa ya London. Jina lake Denzil Pryce, na alikuja kwa mkopo mpaka Mei. Kwenye picha alishika skafu ya bluu na nyeupe kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa nepi ya mtoto wa jirani.

Kwenye duka la samaki na chipsi la Trevor Bickerdike, ambako mambo ya timu huamuliwa kabla kocha hajanywa chai, hakuna aliyekuwa na neno zuri.

"Miguu ile mmeiona?" alisema Trevor, akigeuza samaki kwenye mafuta. "Mie nina uma mnene kuliko ule."

"Ametumwa kwetu kusomea matope," akadakia mama mmoja kwenye foleni. "Akifaulu wanamchukua, akivunjika tunabaki naye."

"Na glavu kavaa! Agosti hii, jamani!"

Clifford Sugden alikuwa wa tatu kwenye foleni, anasubiri chipsi zake. Trevor akamnyooshea koleo. "Na wewe Cliff, usije ukaanza kuimbaimba. Sheria unaijua."

"Sheria nimeitunga mwenyewe," Clifford akajibu. "Wa mkopo anapigiwa makofi. Haimbiwi."

Huyu Clifford ndiye aliyekuwa mtunzi wa nyimbo za jukwaa la Haslowe. Hakuna aliyemteua. Alikuwa dereva wa basi miaka thelathini na moja, njia ya hospitali kupitia viwanda vya zamani vya sufu, na nyimbo zote alizitunga nyuma ya usukani siku za mvua, akifuata mwendo wa waipa zikifuta kioo. Kama maneno hayaendi na waipa, alikuwa akisema, watu elfu tano hawawezi kuyaimba pamoja. Kule mvua haikosekani, kwa hiyo nyimbo zilikuwa nyingi. Kipa aliyekuwa na mguu mbovu aliimbiwa, beki aliyeoa mara tatu aliimbiwa, hata fundi wa nyasi aliimbiwa siku aliyostaafu, akalia mbele za watu.

Sheria ya mkopo ilitokana na aibu. Zamani sana Clifford alimtungia wimbo mshambuliaji wa kuazima. Watu waliufanyia mazoezi wiki nzima, na Ijumaa yule bwana akarudishwa kwao. Jumamosi wakaja na wimbo na hawana wa kumwimbia. Tangu hapo ikawa mwiko, na mwiko huo watu wa Haslowe waliuheshimu kuliko taa za barabarani.

Lakini Agosti ile kulikuwa na jambo jingine, na kila mtu dukani alilijua akanyamaza. Clifford alikuwa hajatunga kitu kwa miaka minne, tangu mkewe Avril alipofariki. Kiti cha Avril uwanjani kilikaa kitupu msimu mzima, kushoto kwa Clifford, mpaka binti yao Joanne alipokuja siku moja akakikalia bila kuomba ruhusa. Baba akamsogezea blanketi la magotini.

Sasa yule kijana. Mechi nne za kwanza aliteleza, akakabwa, akazomewa na watu wake mwenyewe. Halafu ikaja Jumamosi ya Oktoba, mvua inapiga kwa ubavu, Haslowe wako nyuma kwa bao moja. Denzil Pryce alitoa glavu, akazitupa nje ya mstari. Kuanzia hapo mpira ukawa wake. Alikaba, akapokonya, akageuka kwenye tope lile watu wawili wakaenda na maji, akapiga pasi za kwenda kulia bila hata kutazama kulia. Haslowe wakarudisha, wakaongeza. Mama yule wa kwenye foleni alikuwa amesimama juu ya kiti chake anapiga kelele, "Huyo ni wetu! Huyo ni wetu!" Binadamu ni wepesi, jamani, hasa wakishinda.

Na hapo ndipo mdomo wa Clifford ulipofunguka. Hakukusudia. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa mwendo uleule wa waipa, na kilichotoka hakikuwa kitu cha kutunga, kilikuwa cha nyumbani.

*Njoo, Denzil, chai iko mezani,*
*vua viatu vyako mlangoni.*

Chai, kwa watu wa Haslowe, ni mlo wa jioni wenyewe, viazi na nyama na vyote. Avril ndiye aliyeutunga wimbo huo jikoni mwaka waliooana. Kila jioni Clifford alipoingiza ufunguo mlangoni, sauti ilimpokea kutoka jikoni, na badala ya Denzil iliita Cliffie. Miaka thelathini na nane. Sasa ukadakwa na watu kumi, wakawa mia, na kabla filimbi ya mwisho haijapulizwa jukwaa zima lilikuwa linamwita mtoto wa watu aje ale.

Trevor alimgeukia, macho yamemtoka. "Cliff! Wa mkopo?"

"Basi niadhibu," alisema Clifford. Alikuwa analia na kucheka, na hakujali nani anamwona.

Joanne hakucheka. Alingoja mpaka walipofika kwenye gari. "Baba, huo ni wa mama."

"Najua, mwanangu."

"Umempa mtu ambaye Mei hayupo."

"Nimempa kipande cha kwanza tu. Cha pili kiko nyumbani. Hicho hakitoki, nakuapia."

Maana kipande cha pili kilikuwapo, na duniani walibaki wawili waliokijua. Hicho Avril alikiimba siku za kuchelewa tu, basi likiharibika au theluji ikifunga barabara. Joanne naye alikuwa akiimbiwa alipochelewa kutoka shule. Akafunga mkanda. "Haya," alisema. "Nimekusikia."

Mwezi wa Novemba ulikuwa mtamu. Haslowe walipanda mpaka nafasi ya tatu, Trevor aliweka picha ya Denzil juu ya chupa za siki, na watu walioapa kwamba kijana hana miguu sasa walidai wao ndio waliomwona wa kwanza. Jumamosi moja, baada ya mechi, Clifford alikuwa amesimama kwenye geti la wachezaji akimsubiri Joanne alete gari. Denzil akatoka, kofia mpaka kwenye nyusi, akaja moja kwa moja.

"Mzee, wameniambia ule wimbo ni wako."

"Wa mke wangu."

"Nilimpigia mama simu ausikie. Akalia, mzee. Kasema kumbe huko kuna watu wanaokulisha." Akacheka, halafu akawa siriasi. "Mimi siendi popote. Nimeshawaambia kule London, namaliza msimu hapa. Mkeo yuko wapi nimshukuru?"

Sasa mtu afanyeje? Kijana ana miaka ishirini, ana adabu, anauliza habari za Avril kama mtu aliyekwenda dukani mara moja. Clifford alimweleza yote. Alimweleza jiko, ufunguo, miaka thelathini na nane, na alipokuwa anaeleza akajikuta ameshaingia kipande cha pili, kwa sauti ya chini, akigonga vyuma vya geti kwa kidole:

*Ukichelewa, mpenzi, na chako nakula pia,*
*kisha nakununia kidogo... kisha nakupikia.*

"Hapo kwenye 'kidogo' unasita," alimwelekeza. "Alikuwa anasita kwanza nijute."

Denzil alirudia, akasita mahali penyewe. "Nitautunza, mzee," alisema. Walipeana mikono. Gari la Joanne likatokea kona, Clifford akaingia, na hakumwambia bintiye walichozungumza. Njia nzima alijiambia kwamba kumwambia mtu mmoja si kukitoa nje.

Tarehe tisa ya Januari klabu ya London ilimrudisha Denzil Pryce. Kulikuwa na kipengele kwenye mkataba kinachowaruhusu. Siku zote kipo. Watu waliumia, lakini maumivu ya kawaida, wakasema alitupa alichonacho, Mungu ambariki. Hayo yalidumu siku mbili. Siku ya tatu kijana akatolewa tena kwa mkopo, na safari hii kwenda Brigthorpe.

Brigthorpe ni maili sita kutoka Haslowe. Ndio watani wa jadi, tena neno utani hapo ni heshima tu. Kuna familia ambazo msiba haukuzipatanisha. Na kwenye picha, Denzil Pryce hakuishika skafu nyekundu kwa ncha za vidole. Alikuwa ameizungusha shingoni, anatabasamu.

Dukani kwa Trevor ile picha ya juu ya siki ilishushwa, ikafungiwa chipsi.

"Angeweza kukataa," alisema Trevor.

"Ana miaka ishirini, anaenda anakopelekwa," akasema mama wa foleni, lakini bila nguvu.

"Kupelekwa, sawa. Na meno je? Nani alimwambia acheke?" Trevor akaigonga meza kwa koleo. "Na sisi tulimwita mezani! Tumekaa miaka ishirini na sita hatumwimbii wa kuazima, halafu Cliff..." Akaona Clifford amesimama mlangoni na mwavuli, akainamia mafuta yake. "Kubwa au ndogo, Cliff?"

"Ndogo," alisema Clifford. Tangu siku hiyo watu walimpisha njia kwa upole ambao ulimuudhi kuliko matusi.

Alijua dabi inakuja. Mechi ilikuwa Machi, Haslowe, na Brigthorpe wangeleta watu elfu mbili nyuma ya goli la kaskazini. Alijua vilevile wataimba, maana kipande cha kwanza kilikuwa kimeshasikika kwenye televisheni na simu zote. Wiki nzima alijiandaa. Alijiambia kimeshakuwa cha barabarani, waache waokote. Hata Joanne alimpigia akamwuliza, "Utaweza, baba?" akamjibu kwamba ameshasikia mabaya zaidi kutoka kwa abiria wa Ijumaa jioni.

Na kweli, waliimba kabla mpira haujaanza, na aliweza. *Njoo, Denzil, chai iko mezani.* Waliimba kwa kejeli, vidole wamewaelekezea Haslowe, wengine wameinua viatu juu. Trevor alitukana mpaka koo likakauka. Clifford alitazama ubao wa matokeo. Joanne alimshika kiwiko chini ya blanketi.

Dakika ya sitini na moja Denzil Pryce akafunga. Shuti la kutoka mbali, chini kabisa, kipa hakuligusa. Alikimbilia goli la kaskazini, akasimama mbele ya wale wekundu, akawanyooshea mikono miwili kama anayeongoza kwaya. Alianza yeye. Mdomo wake ulionekana wazi. Nao wakamfuata, elfu mbili, kwa mpangilio wa watu waliofundishwa:

*Ukichelewa, mpenzi, na chako nakula pia,*
*kisha nakununia kidogo...*

Wakasita. Uwanja mzima ukasikia kimya kile. Halafu wakamalizia.

"Hicho kipya wamekitoa wapi?" alisema Trevor upande wa kulia. "Kizuri, washenzi hawa."

Alichokisikia Clifford kwanza hakikuwa hasira, kilikuwa aibu, kwa sababu mkono uliokuwa kwenye kiwiko chake ulikuwa umeshatoka. Joanne hakuwa anatazama uwanjani. Alikuwa anamtazama yeye.

"Wamesita, baba," alisema. "Mahali penyewe."

"Mwanangu..."

"Uliniapia kiko nyumbani."

Alitaka kusema kwamba kijana aliuliza kwa adabu, kwamba alisema atautunza, kwamba ilikuwa mara moja tu, kwenye geti, kwa sauti ya chini. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa. Alimchukia yule mtoto kwa moyo wote, na chuki ile kila ilipotaka kukaa ilimkuta yeye mwenyewe ameshakaa.

Joanne hakulia. Alikunja upande wake wa blanketi, akamwekea babake magotini, akasimama. Watu wa safu ile, wanaomjua tangu amebebwa, walivuta magoti yao ndani apite, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Kiti cha Avril kikabaki wazi kama ule mwaka wa kwanza.

Kule chini Denzil aliweka kiganja sikioni, anawataka warudie. Wakarudia. Walipofika kwenye "kidogo" wakasita, na Clifford, aliyekuwa hajaitwa na kipande hicho kutoka mbali kwa miaka minne, akajikuta ameshika pumzi anangoja Avril amalizie. Akajichukia kwa kungoja, na akangoja.