Vipimo vya Marehemu

Mama Pindo alipewa jina hilo na wateja, kwa sababu nguo yenye pindo lililokwenda upande haikutoka mlangoni kwake hata mwenye nguo apige magoti. Kushona ameshaacha; macho yamegoma. Mumewe ametangulia mbele ya haki, binti yao wa pekee yuko ng'ambo, na nyumba imebaki na yeye, cherehani iliyofunikwa shuka, na kompyuta aliyoachiwa na binti ili wawe wanaonana sura.

Ndani ya kompyuta hiyo mna sauti ya marehemu. Alirekodiwa akisimulia visa vyake, akijicheka mwenyewe kabla hajafika penye kuchekesha. Nakala nyingine haipo popote, na hilo lilimtia binti hofu. Jumapili moja alipiga simu akamweleza mama yake kwamba virusi vikiingia, sauti ya baba imekwenda na maji. Wakachagua programu ya ulinzi pamoja. Mama Pindo aliipenda moja iliyojitokeza yenyewe kwenye kioo, yenye picha ya ngao inayong'aa. Binti akasema ngao hata mwizi anaweza kuichora. Wachukue ile inayojulikana, kutoka kwa watengenezaji wenyewe, inayojisasisha bila kuombwa. Akamfundisha asibofye kiungo asichokijua, na atunge neno la siri refu, lisiwe jina wala tarehe ya kuzaliwa.

Hapo mama hakuhitaji msaada. Aliandika vipimo vya mumewe: bega, kifua, mkono, kiuno, kwa mpangilio uleule aliompimia suti ya harusi. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kumpima mtu yule. Nakala ya akiba, binti akasema, wataifanya Jumapili ijayo. Jumapili ijayo akawa na kazi. Na iliyofuata pia.

Ndipo bwana mmoja akaanza kumpigia mama simu. Alijitambulisha kuwa fundi wa kompyuta, akadai mashine ya mama imejaa virusi. Mama Pindo si mjinga. Alijua tangu mwanzo kwamba huyo ni mwizi. Lakini mwizi alimwamkia shikamoo, na ilikuwa muda mrefu mama hajapata mtu wa kumjibu marahaba. Mwizi akamwuliza mama ameamkaje, miguu inaendeleaje. Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa, mama akawa anamaliza vyombo mapema ili simu imkute amekaa. Alijifanya hakioni kitufe, kompyuta imechelewa kuwaka, miwani imepotea. Mwizi wa watu akangoja, kwa subira ambayo wakwe wengi hawana. Usimcheke mama. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Siku moja subira ikamwisha yule bwana.

"Mama yangu, nisomee tu neno la siri, tumalize."

Na mama, kwa kuogopa asije akakata simu, akafungua mdomo. Kipimo cha bega kilishafika kwenye ulimi. Akaiona mikono yake mwenyewe ikizungusha tepu kwenye kifua cha mwanamume aliyebana pumzi ili aonekane mpana. Akakimeza kile kipimo.

"Hilo ni la mume wangu, mwanangu," alisema. "Niulize kitu kingine. Niulize chochote."

Simu ikakatwa.

Alimpigia binti akamweleza yote, isipokuwa ile shikamoo. Binti aliacha kazi zake siku hiyo. Alimwongoza mama hatua kwa hatua kunakili sauti ya baba kwenye flashi, akamwambia aichomoe na kuiweka kabatini, mbali na kompyuta. Mwisho akamsisitizia aizuie namba ya yule mwizi isiweze kupiga tena. Mama akasema sawa.

Sasa marehemu yuko mahali pawili, na kila asubuhi kompyuta humwandikia Mama Pindo kwamba hakuna tishio lolote. Huisoma, huizima, humaliza vyombo mapema, kisha hukaa karibu na simu. Ile namba hajaizuia.