Tetea Aliyewika Uani

Kuku wa mama aliwika Jumamosi, watu wakiwa ndio kwanza wametoka kuswali alfajiri, na nyumba nzima ikatoka uani. Sizungumzii jogoo. Nazungumzia tetea, tena mwenye kazi inayojulikana, maana nusu ya wapangaji wa nyumba yetu ya Mchafukoge walikwisha kula mayai yake. Alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa karibu na bomba, akanyoosha shingo, akawika. Sauti ilikuwa mbovu, imekwaruza, lakini ilikuwa ni kuwika.

Fundi cherehani wa chumba cha pili, mtu wa Mtwara asiyekosa neno, alisema, "Duh! Jogoo la shamba haliwiki mjini, kumbe la mjini lenyewe ni jike."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anatazama mlango wa chumba cha mbele.

Humo alikuwa amelala mzee mwenye nyumba, wiki ya tatu hajainuka kitandani. Baadaye alikuja kupona, lakini asubuhi ile hakuna aliyejua kama atapona. Na kwetu jambo hili halina mjadala: tetea akiwika anaita msiba. Dawa yake ni kumchinja siku hiyohiyo, na watu wa nyumba wasimle. Mke wa mzee alitoka ameshika tasbihi. Ni bibi wa Kiarabu, mpole, ambaye miaka yote tuliyopanga kwake hajawahi kutupandishia sauti. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu," alimwambia mama, "mimi si mtu wa kukuombaomba. Huyu asifike adhuhuri."

Mama alikuwa ameshamkumbatia kuku wake. "Bibi, niruhusu nimpeleke kwa mtu mwingine."

"Ukampe mwenzio nuksi?"

Mama si mtu wa kulilia kuku, lakini huyu alikuwa na habari yake. Miaka minne nyuma alifanyiwa operesheni, akatolewa kizazi pamoja na vifuko vyake vya mayai. Aliporudi nyumbani nilikwenda Kariakoo nikamnunulia tetea wa kienyeji wa supu, kama mgonjwa anavyostahili. Kabla hajachinjwa, akataga yai kwenye boksi la mlangoni. Mama akasema anayetaga hachinjwi, akanirudisha sokoni nikanunue mwingine. Wiki zile za kusubiri mshono upone, mama alishinda uani na kuku anachakura miguuni pake. Nilimsikia akimweleza mambo ambayo mimi mwanawe sikuelezwa.

Sasa niseme kosa langu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na nilikuwa najua. Kuku aliacha kutaga miezi kadhaa kabla. Manyoya yake ya kahawia yalipopukutika, yaliyoota hayakuwa ya jike: shingoni membamba yenye ncha, rangi ya dhahabu; mkiani marefu yaliyopinda, meusi yanayong'aa kijani. Ule upanga wa kichwani ukakua na kuwa mwekundu. Mama alisema, "Uzeeni kapendeza." Nami nikanyamaza. Nilifurahi peke yangu, nikawa nampiga picha kwa simu niwaoneshe wanafunzi, utadhani nimeletewa somo mpaka mlangoni.

Kwa hiyo pale uani, bibi anasubiri na mama hataki kumwachia kuku, nilipandwa na hasira. Hasira zangu ziko karibu, na mimi nikikasirika nafundisha.

"Kwa heshima yako, bibi," nilisema, "hapa hakuna nuksi."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, Mungu anisamehe. Niliwaambia watu hudhani jogoo ndiye aliyeongezewa urembo, kumbe ni kinyume. Jeni za manyoya yale ya kung'aa anazo jogoo na anazo tetea vilevile. Kila kuku jike anatembea na nguo za kidume ndani ya mwili wake. Kinachozizuia zisionekane ni homoni inayotoka kwenye kifuko cha mayai. Na kuku kifuko chake kinachofanya kazi ni kimoja tu, cha kushoto. Kikiugua au kikizeeka, homoni ya kike inakatika, na manyoya mapya yanaota ya kidume. Wakati mwingine upande wa kulia, uliolala maisha yote, unaamka na kutoa homoni ya kiume. Hiyo ndiyo inayomkuzia upanga na kumfanya awike.

"Kwa hiyo mwalimu," aliuliza fundi, "huyu sasa hivi ni dume?"

"Kizazi ndiyo hana," nilijibu kwa sauti ya darasani, nimenyoosha kidole. "Jike akishakosa kizazi anakuwa hivi. Jike si jike, dume si dume."

Nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja haina siri ya operesheni. Fundi alimtazama mama, akamtazama kidevuni, upesi, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Mama ameota vinywele kidevuni miaka hii. Hung'oa asubuhi, dirishani, akidhani nimelala. Sitasema nilikuwa nimesahau. Kuku na mama sikuwahi hata kuwaweka pamoja akilini, na hilo ni baya zaidi. Ulimi hauna mfupa. Wangu siku hiyo ulipinda ulikotaka. Nilitamani ardhi inimeze.

Na mbaya zaidi, nilikuwa nimeshinda. Bibi alivuta tasbihi yake punje mbili tatu, akasema taratibu, "Kama ni maradhi, ni maradhi. Hata mimi nina mgonjwa ndani. Basi mwacheni."

Mama akamsogelea fundi, akamweka kuku mikononi mwake.

"Mchinje."

"Mama, bibi ameshaghairi," nilisema.

"Nimesikia." Hakunitazama. "Nimesema mchinje."

Fundi alinigeukia kana kwamba ruhusa ni yangu. Mimi niliyekuwa na maneno ya ua mzima dakika moja nyuma nikatazama ndoo ya pale bombani. Bibi aliingia ndani. Mama naye akaingia chumbani, akafunga mlango. Fundi akaelekea kibla, akapiga bismillahi, ikawa imekwisha.

Kuku alikuwa wa kuzikwa. Nilimpasua kwanza. Nilijiambia ni kwa ajili ya elimu, lakini kilikuwa kiburi tu. Nilitaka angalau niwe nimesema kweli. Kila aliyewahi kusafisha tetea anayetaga anajua anachokikuta upande wa kushoto: kishada cha viini vya njano, vikubwa kwa vidogo. Hapakuwa na kishada. Palikuwa na kitu kigumu, cha kijivu, hakizidi punje ya haragwe.

"Ndicho?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akifungua mlango.

"Ndicho, mama."

Akanyoosha kiganja. Nilikisuuza kwa maji ya kopo, nikamwekea. Alikigeuzageuza kwa kidole gumba, muda mrefu, kama mtu anayetafuta maandishi madogo.

"Nisamehe," nilisema. "Sikuwa nakusema wewe."

"Najua. Hukuniwaza kabisa."

Nililia. Yeye hakulia. Aliendelea kukitazama kile kitu kiganjani.

"Vyangu walivitoa nikiwa nimelala," alisema. "Nilipoamka nikawauliza viko wapi. Wakaniambia vimeshatupwa. Sikuoneshwa. Wala hakuna aliyeniambia vilikuwa vinafanya kazi gani."

Akakaa chini, pale pale sakafuni, karibu yangu.

"Haya, nieleze mimi sasa," alisema. "Punguza sauti."