Faili la nne, na ujumbe wa mtu nisiyemjua

Leo kompyuta ya shule imeniambia tena: kuna faili halipo.

Mara ya nne, jamani!

Najenga programu huria, ile ya bure ambayo yeyote anaweza kuiunda mwenyewe, ya kuorodhesha vitabu vya maktaba yetu; haifunguki bila mafaili yake yote. Shuleni hakuna intaneti, hivyo kila faili linalokosekana nalifuata Tukuyu mjini Jumamosi, na flashi yangu.

Wenzangu walikuwa netiboli. Mwalimu wa zamu akachungulia chumba cha kompyuta.

"Binti, bado unabishana na hilo dude?"

"Ndiyo, mwalimu. Limeshinda."

Alipoondoka, nikapekua folda za zamani. Faili lilikuwamo! Na ujumbe: "Nimekuachia wewe utakayekuja. Mimi nilihangaika peke yangu. Rehema, Kidato cha Nne."

Programu ikafunguka. Nikageuka nimwambie mtu.

Viti vitupu.

Dada Rehema, haya nitayaweka kwenye blogu yangu Jumamosi nikifika mjini; kama unayasoma, nimefika. Nijibu.