Chapa ya Abti Hirsi

Sisi tuliosoma Garissa miaka ya shifta, wale waasi wa porini waliopigana na serikali, tulijua kuchonga penseli kwa wembe mpaka ncha ikachoma kidole. Vijana wa leo wanachora kwa kompyuta, na umeme ukipotea kidogo utadhani wamefiwa. Sisi tulikuwa na burashi za mkia wa mbuzi, masizi yaliyokorogwa kwa gundi ya mgunga, na vumbi lililoingia hata kwenye uji.

Kabla ya kuingia darasa la ufundi nilikuwa nimejifundisha herufi mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya makopo ya majani chai. Nakiri nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Herufi moja ikipinda, chakula hakikupita kooni. Mama alikuwa akisema nitakuja kufa kwa ajili ya mstari.

Muhula mmoja mwalimu wetu, mtu wa bara, alimtaka kila mwanafunzi abuni bango la alama. Wenzangu walichora ndoo na nyota. Mimi nilichora chapa za ngamia, zile ambazo kila jamaa huwachoma ngamia wao shingoni au pajani wasichanganyike na wa wengine, na chini ya kila chapa nikaandika jina la mwenye mali. Bango likabandikwa ukutani.

Abti Hirsi, kaka yake mama, alikuja shuleni kuniletea maziwa akaliona. Mwanawe mkubwa alikuwa ametoweka porini, na kila mtu alijua maana yake. Akaitafuta chapa yake, akacheka kidogo: ndoana ya mwisho nilikuwa nimeielekeza chini badala ya juu.

"Umekosea, mtoto wa dada yangu, na afadhali umekosea," alisema. "Hata hivyo litoe. Chapa inasomwa na mchungaji, haisomwi na askari."

Nikaahidi kulitoa asubuhi. Nilifika wa kwanza, na wallahi nilikuja kulitoa. Lakini ile ndoana ilinitazama. Niliona aibu hata kulikunja bango lenye kosa. Nikaikwangua kwa wembe, nikaichora upya, ikatoka safi kuliko zote. Mwalimu akaingia, akanisifu mbele ya darasa, nami nikaliacha palepale. Siku hiyohiyo afisa mmoja wa serikali alipita kukagua shule. Alilipenda, akaliomba, akaondoka nalo.

Wiki iliyofuata, ngamia walipoletwa Tana kunywa, askari walisimama kando ya mto na bango langu mkononi, wakiwatenga ngamia wa kila baba ambaye mwanawe alikimbilia porini. Wa Abti walipigwa risasi wote, hata wenye mimba. Tulisikia milio tukiwa darasani, tukaambiwa tuendelee kuandika.

Nilimwendea katika kijiji kilichozungushiwa waya wa miiba, askari walikomfungia, nikamweleza yote, hata habari ya wembe.

"Kumbe ulirudi kuirekebisha," akasema.

Hakuniita tena mtoto wa dada yake.

Juzi mjukuu wangu, anayesomea kuchora kwa kompyuta, aliniomba chapa ya zamani ya ukoo aiweke kwenye pakiti za maziwa anazouza. Enzi zetu jambo la wazee liliulizwa kwa kunong'ona. Yeye aliuliza huku anatafuna. Nilimwambia nimeisahau. Akasema basi ataitafuta kwenye simu. Alitafuta mpaka chai yake ikapoa, nami nikamwangalia tu.