Mama Mzee wa Maabara ya Migomba

Jumatatu asubuhi Mong'ina Anyona alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa Idara ya Baiolojia ya Seli, akasoma habari moja mara tatu. Idara ilikuwa imepata ruzuku ya miaka mitatu ya kukuza miche ya migomba isiyo na ugonjwa wa mnyauko. Hapo hakuwa na neno. Kilichomuudhi ni picha. Kemuma, yule msichana aliyekuja juzijuzi na digrii yake, alikuwa ameinua chupa ya kioo kama mtu aliyeshinda kombe, meno yote nje. Chini yake paliandikwa kwamba Bi. Kemuma Nyamongo ndiye mtaalamu wa maabara hiyo, na kwamba seli zenyewe zilikuzwa kwanza na "mama mzee mmoja wa hapa Kisii."

Mama mzee. Mong'ina alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitoka Keroka, upande wa Nyamira, kabla jua halijachomoza, aje kuzilisha seli hizo kama mtu anayelisha watoto wachanga. Alikuwa na stashahada tu, na kila Desemba alingoja kuambiwa kama mkataba wake utaongezwa. Seli za migomba zilipokuwa zikifia mikononi mwa wenye shahada kubwa, kwake zilibaki nyeupe. Sasa wageni kutoka kwa wafadhili wamekuja, wamepiga picha, wameondoka, na yeye hayumo. Walikuja Jumamosi. Mong'ina ni Msabato. Jumamosi hakanyagi maabara, yuko kanisani. Kemuma ni Mkatoliki, ndiye hushika zamu siku hiyo.

Wiki hiyo hakuna alichofanya Kemuma kikampendeza. Akicheka, Mong'ina alisikia majivuno. Akinyamaza, aliona dharau. Hata lile koti jeupe la maabara, ambalo wote walipewa siku moja na fundi mmoja, aliliona limemkaa Kemuma vizuri zaidi.

Jumanne Daktari Ombati, mkuu wa idara, alitia petroli kwenye moto.

"Fomu ya wafadhili inaenda Ijumaa saa sita," alisema. "Wanataka jina moja la msimamizi wa maabara. Ajira ya kudumu. Na unajua, Mama Brandon, Kemuma wameshamwona."

"Nimeelewa, Daktari," alijibu Mong'ina, ambaye kazini wote walimwita kwa jina la mwanawe, akaenda kuosha chupa zilizokuwa safi tayari.

Alhamisi Kemuma alimfuata kwenye sinki. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama Brandon, vile vipande nilikata Jumamosi vinaanza kuwa vyeusi. Chupa arobaini. Nimekosea wapi?"

Mong'ina alijua alipokosea. Alijua hata bila kuziona chupa. Moyoni akasikia utamu fulani ambao asingependa mchungaji wake aujue.

"Kamuulize yule mama mzee wako."

"Mama mzee gani?"

"Yule uliyewatajia wageni. Wewe umejipiga picha, mimi ukanizeesha."

Kemuma alimkodolea macho. "Aki mimi sikusema mama mzee. Ondieki wa ofisi ya habari aliniuliza nani alianza kuzikuza. Nikasema ni Mong'ina. Nikaona nikisema Mama Brandon, wageni watajuaje Brandon ni nani? Nikataja jina lako lenyewe, ndio wakujue."

Mong'ina alifunga mfereji. "Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kikwetu. Si Ondieki ni wa Ogembo, Mkisii kama sisi?"

Kwa Ekegusii, omong'ina ni mwanamke aliyekomaa, mama mzee wa boma. Ondieki amesikia jina la mtu, akalifanya umri.

"Kwa hiyo amenitafsiri," alisema Mong'ina.

Kemuma alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka hadi akashika ukingo wa sinki. Mong'ina hakucheka. Alivua glavu, akaongoza njia hadi kwa Daktari Ombati.

Daktari alisikiliza, akaitoa fomu kwenye droo. Jina la Kemuma lilikuwa limeshaandikwa kwa kalamu.

"Hata mimi niliisoma ile habari," alisema kwa aibu. "Nikadhani ni yule mama wa Marani anayetuletea machipukizi."

"Na wewe pia, Daktari?" alisema Mong'ina. "Miaka kumi na mmoja?"

Daktari alitazama kalamu yake. Kemuma ndiye aliyejibu. "Daktari, chupa zangu arobaini zinaharibika na sijui kwa nini. Ukiniandika hapo, wakija mwakani utawaonyesha makaa."

Daktari alichapisha fomu nyingine. Safari hii aliandika Mong'ina Anyona, herufi moja moja, Mong'ina mwenyewe akiwa amesimama juu yake kama msimamizi wa mtihani.

Alasiri hiyohiyo walirudi kwenye chupa. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na jua likitua, Sabato ikianza, Mong'ina angekuwa amekwenda. Kazi isiyokwisha ingebaki mikononi mwa Kemuma. Mong'ina angeweza kumfundisha nusu tu, aharibikiwe tena. Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Kisha akawasha moto, akapitisha kisu.

"Wewe unakata kisu kikiwa bado cha moto kwa sababu una haraka. Unaziunguza seli, ndiyo maana zinageuka nyeusi. Hesabu hadi ishirini. Halafu kata hapa, ndani ya maji yenye vitamini C. Toa weusi wote. Usizihurumie."

Kemuma alihesabu kwa sauti, akakata. Kipande cha kwanza kilikuwa kibaya. Cha pili kilikuwa afadhali. Cha tatu kilitoka cheupe, laini, chembamba kana kwamba amekikata Mong'ina mwenyewe, ambaye kujifunza mkato huo kulimchukua miaka miwili na machozi.

Wivu ulimpanda tena, mbichi kabisa.

"Rudia," alisema.