Uji wa Mzee Nyaga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi vilivyong'aa nikaingia ofisi ya kilimo mjini Embu. Afisa wa Uchumi wa Nyumbani wa wilaya, mama mwenye sauti ya upole ambaye sote tulimwita Madam, alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, kisha akamgeukia karani wake.

"Niliomba msaidizi. Wamenitumia mwanamume."

Karani akainamisha kichwa ili nisione anavyocheka. Madam akaniuliza, "Njeru, unajua kupika?"

"Najua kula, Madam."

"Sawa. Tutaanzia hapo."

Nyinyi vijana mnaosoma haya huenda hamjui kazi yetu ilikuwa nini. Afisa wa mifugo alishughulika na ng'ombe, yule wa mimea alishughulika na mahindi na kahawa. Sisi wa uchumi wa nyumbani tulianzia pale mavuno yanapoingia mlangoni. Tulifundisha watu kula kinachomea kwao, kukihifadhi kisioze, kukipika kwa kuni chache, na kutengeneza kwa mikono yao vile vyombo ambavyo wengine hukimbilia kununua. Wenzangu wote walikuwa wanawake. Madam alinifungia jikoni mwa ofisi kwa wiki kadhaa nikajifunza. Kwa mfano, majani ya kunde huchovywa kidogo katika maji ya chumvi yanayochemka, kisha hukaushwa kivulini. Ukiyaanika juani yanapoteza rangi, na nguvu yake inakwenda pamoja na rangi.

Baadaye alinipeleka Ishiara. Huko chini ni kukavu, mvua inakuja ikitaka, lakini watu wanalima ndengu, mtama na mawele. Nilipanga chumba karibu na soko. Siku ya baraza, chifu alinitambulisha kwa heshima zote, na aliposema nimekuja kufundisha mambo ya jikoni, uwanja mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja mrefu, mwenye koti la kijivu, hakucheka. Alisimama.

"Chifu, huyu kijana asikanyage kwangu. Jiko la mke wangu si la kuingiwa na mwanamume. Mimi mwenyewe siingii."

Huyo alikuwa Mzee Nyaga. Mkewe, Ciarunji, alikuwa ameketi na akina mama wenzake, akikohoa kwenye ncha ya leso. Nilikuwa nimemwona sokoni akiuza ndengu. Macho yake yalikuwa mekundu kila mara, na kikohozi chake kilikuwa cha moshi. Alipikia kwenye mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kama wengi wa rika lake.

Nilipanda Embu kumweleza Madam kwamba nimeshindwa kabla sijaanza. Alinimiminia chai.

"Usiingie jikoni, Njeru. Nani alikwambia kazi yetu ni jikoni peke yake? Anzia uani. Pika wewe, wao waonje. Na usibishane na wazee, utachoka bure."

Nikaanza kupika uwanjani, kando ya kanisa, siku za soko. Nilikuwa na jiko la kikapu, yaani kikapu cha mkonge nilichokizungushia nyasi kavu na vipande vya blanketi kuukuu ndani. Unachemsha ndengu kwenye moto kwa muda mfupi, unaitumbukiza sufuria ndani ya kikapu, unafunika kwa mto mnene, unaenda zako. Ndengu zinaiva zenyewe kwa joto lake. Akina mama walikuja kwa mzaha, wakarudi na vikapu vyao. Ciarunji alisimama mbali akitazama. Hakuwahi kusogea, na nilijua ni kwa nini.

Kiangazi kilipopamba moto, akaugua. Kifua kilimbana hadi akashindwa kutembea, akapelekwa hospitali Embu, na binti yao aliyeolewa huko akakaa naye. Mzee alibaki peke yake na mbuzi wake.

Asubuhi moja nilifika ofisini kwangu pale Ishiara nikamkuta Mzee ameketi kwenye benchi la nje, kofia ikiwa magotini. Alikuwa amekonda. Nilidhani amekuja na habari mbaya.

"Shikamoo, Mzee. Mama anaendeleaje?"

"Anapona. Wanasema atarudi nyumbani." Akageuza kofia mkononi. "Lakini daktari amesema asione moshi tena. Hata kidogo. Amesema akirudi kwa moshi ule, hospitali haitamwokoa mara nyingine."

Nilikaa kando yake. Alitazama barabara kama anayemwogopa mpita njia.

"Binti yangu ana watoto wake, hawezi kukaa kwangu. Wanangu wako Nairobi. Ofisa, nimelima tangu nikiwa na meno ya utotoni. Nimechinja, nimejenga, nimechimba kisima. Lakini sijui kama maji ya uji yanaanza moto ama baridi."

Macho yake yalijaa maji, akavaa kofia haraka ili kuyaficha. Nami nilitazama upande mwingine, kwa sababu mtu wa umri wake hatazamwi akiwa hivyo.

"Twende, Mzee," nikasema.

Tulianza na jiko. Tulichimba udongo wa kichuguu, ule unaoshikana, tukauchanganya na mchanga, majivu na samadi ya ng'ombe, tukaukanyaga kwa miguu hadi ukawa laini kama unga wa chapati uliokandwa. Tuliliinua hadi kiunoni, ili mpishi asipinde mgongo. Lilikuwa na mlango mmoja wa kuni na midomo miwili ya sufuria, na nyuma bomba la moshi lililopenya ukutani hadi nje. Mzee alitaka kuwasha moto siku hiyohiyo. Nilimkataza. Jiko la udongo huachwa likauke polepole kivulini, ukiliharakisha linapasuka. Wakati tukilisubiri, alitoboa dirisha kwenye kibanda bila kuambiwa. Kisha nyuma ya nyumba tukajaza magunia udongo na samadi, tukayatoboa ubavuni, tukapanda kunde na mchicha. Maji ya kuoshea vyombo ndiyo tuliyonyweshea.

Kupika ndiko kulikuwa kugumu. Alikoroga uji kama anayechanganya saruji. Nilimwonyesha: unga wa mawele kwanza ndani ya maji baridi, ukorogwe ulainike, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka, na mwiko usisimame. Alikuwa akifunga mlango tukipika. Nikiona mtu anapita njiani, nilikohoa, naye aliuweka mwiko chini na kushika jembe.

Gari lilipomleta Ciarunji, sikuwa nimealikwa, lakini Mzee alikuwa ameniomba nikae uani, kama atakwama. Mama aliteremka akimshika binti yake mkono. Alielekea jikoni moja kwa moja, kama mwenye nyumba yeyote anayetoka safari. Akasimama mlangoni. Mwanga wa dirisha ulikuwa ukiangukia jiko jipya. Mumewe alikuwa amesimama mbele ya jiko hilo, amejifunga leso ya mkewe juu ya lile koti la kijivu, mwiko mkononi.

Ciarunji aliketi kwenye kigoda. Mzee akamimina uji kikombeni, akampa kwa mikono miwili. Mama akanywa kidogo, akanywa tena.

"Ni nani amepika?"

"Ni mimi."

"Una madonge."

"Huo ndio wa kwanza nimekupikia."

"Najua." Akamaliza kikombe, akakinyoosha. "Niongeze."

Binti yao alitoka nje upesi, akasimama kando yangu akilia na kucheka pamoja.

Siri haikukaa, maana moshi unaopanda kwa bomba unaonekana mbali. Wanaume walimcheka Mzee Nyaga sokoni, wakamwita majina. Aliwajibu, "Chekeni tu. Mke wangu analala usiku bila kukohoa. Wako je?" Baada ya hapo wakawa wananijia mmojammoja, kila mmoja akidai anauliza kwa niaba ya jirani. Madam alipokuja kukagua, alizunguka jiko la Mzee akiligonga kwa kidole, akaniambia, "Umejenga vizuri. Ila nimefurahia zaidi lile dirisha." Nikamwambia dirisha si langu. "Ndiyo maana nimefurahi," akasema.

Nilihamishwa mara nyingi baadaye. Kituo changu cha mwisho kilikuwa Nchiru, kule Meru, ambako wanafunzi wa chuo wamepanga vyumba vya hosteli vidogo kama kabati. Bosi wangu wa huko, kijana niliyemzidi umri sana, aliniambia siku ya kwanza, "Hawa hawana shamba, Mzee. Utawafundisha nini?" Niliwafundisha kikapu. Walichemsha maharagwe asubuhi, wakaenda darasani, wakarudi wakiyakuta yameiva, gesi ikiwa imeguswa kidogo tu. Msichana mmoja alikilaza kikapu chake chini ya kitanda na kukiita mpishi.

Nilistaafu nikatulia Majimbo, hapa Embu, na mke wangu Wanja, aliyekuwa mwalimu. Uwanja wetu ni mdogo kama mkeka, lakini una nduma zinazomea kwenye maji yanayotoka bafuni na kunde kwenye magunia. Tunanunua vitu vichache, na hatujioni kama watu waliokosa.

Mwaka huu nilisikia Ciarunji amefariki. Mazishi yalikuwa yamepita. Nilishuka Ishiara kumpa Mzee pole. Sasa anatembea kwa fimbo, lakini nilimkuta jikoni, ndengu zimeiva, mtama umesongwa. Alipakua sahani mbili kabla hata sijaketi. Nikamuuliza alijuaje kwamba nakuja.

"Sikujua," akasema. "Kila siku napika chakula cha watu wawili. Wanangu wananiambia nipunguze. Nikishika kikombe cha unga nipunguze, mkono unakataa. Naona kama ninamfukuza."

"Na sahani ya pili huwa unaipeleka wapi?"

"Huwa naiangalia ikipoa. Halafu nawapa kuku." Akanisogezea kigoda karibu na jiko. "Leo haitapoa. Keti, Njeru, ule."

Nikanawa mikono, nikaketi, nikala sehemu ya Ciarunji hadi sahani ikawa nyeupe. Mzee hakuondoa macho kwangu, na nilipomaliza, aliuliza kwa sauti ya chini kama ningependa kuongezewa.