Saba Yangu, Nne ya Shemeji

Shemeji yangu alikusanya mkasi, nyundo na futi yake, akavitia kwenye begi, akaapa hafanyi kazi na mimi tena.

Kisa? Mapigo ya ngoma.

Msicheke. Ngojeni niwape mkanda mzima.

Mimi ni fundi makochi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ndiye mwenzangu karakana. Miaka sita tunagonga misumari pamoja, hatujawahi hata kununiana.

Sasa mteja mmoja akaniwekea kwenye simu albamu ya roki. Si ile ya kurukaruka. Hii wanaiita progresivu: wimbo mmoja dakika kumi na tisa! Unaanza na filimbi, filimbi inapotea, halafu sauti ileile inarudi kwenye kinanda, taratibu, kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Nikanogewa. Shemeji naye akanogewa. Hedifoni ni moja, zile ndogo za kutumbukiza masikioni, basi tukagawana. Ya kulia yangu, ya kushoto yake.

Siku ya tatu nikamwambia, "Shemeji, umegundua? Hawa jamaa hawahesabu nne kama watu wengine. Wanahesabu saba! Ndiyo maana najigonga vidole."

Akanitazama kama nimelewa. "Saba imetoka wapi? Hiyo ni nne. Nne kavu! Na yule dada anavyoimba 'acha mlango wazi'..."

"Dada gani? Huyo ni mwanaume, na anasema 'funga mlango'!"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoteleza. Nikamwambia ana masikio ya mbao, ndiyo maana hata mishono yake huenda kombo.

Akauliza polepole, "Kumbe miaka yote sita ulikuwa unanivumilia tu?"

Akachukua begi. Nilitaka kumwomba radhi, kiburi kikanizuia.

Bahati nzuri, wakati anatoka ndipo mke wangu anaingia, katoka shuleni anakofundisha hesabu. Akaliona begi, akauona uso wangu.

"Nani kafa?"

Tukaropoka wote kwa pamoja. Saba! Nne! Funga! Acha wazi!

"Nyamazeni. Leteni hapa."

Akazitumbukiza hedifoni zote mbili masikioni mwake. Akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akawa anaweka alama mezani. Sisi tumesimama kama wanafunzi waliochelewa.

Mara akaangua kicheko, akaangukia kwenye rundo la sponji.

"Ngoma iko kulia, inahesabu saba. Gitaa liko kushoto, linahesabu nne. Kila baada ya mapigo ishirini na nane vinaanza pamoja tena. Na hao waimbaji ni mume na mke, wanabishana! Kila mmoja kapewa sikio lake!"

"Yaani..." akasema shemeji.

"Yaani," nikajibu.

Nikamsogelea shemeji. "Shemeji, nisamehe. Ya mishono niliropoka kwa hasira. Kochi la sebuleni kwangu nani kalishona? Si wewe? Wateja watatu wamelitaka, nimewakatalia."

Akajaribu kuendelea kununa, akashindwa. Akatua begi.

Mke wangu wala hakutuangalia. Macho kafumba, mguu unapiga saba, kidole kinapiga nne. Simu yangu niliiona kesho yake.

Jamani, unaweza kuwa sahihi kabisa na bado umesikia nusu. Kabla hujamwita mwenzio kiziwi, mwombe akuazime sikio lake.